Nukta Isiyotoka

Pale zahanati walimwita Birika, kwa sababu mkono wake ulikuwa wa birika kwelikweli. Karani huyu wa dirisha la dawa aliwahi kuzima feni chumba kikiwa kimejaa wagonjwa, na wala hakuona haya. Lakini sifa yake kubwa ilikuwa wino wa printa. Aliiweka printa ichapishe kwa wino kidogo, na katriji ikianza kufifia hakutaka kusikia habari ya kununua nyingine. Aliitoa, akaitikisatikisa kama anayembembeleza mtoto, akairudisha, na kazi ikaendelea. Siku moja kwenye kikao mkuu wa zahanati alimsifu mbele ya wenzake, na tangu hapo Birika akawa anaitikisa kwa madaha.

Asubuhi hiyo, siku ya kliniki ya watoto, aliitikisa tena. Lebo zikatoka za kijivu. Akazibandika kwenye chupa za dawa hivyohivyo, foleni ikasogea.

Mchana mfamasia alikuja na chupa moja iliyobaki mezani, ameisogeza karibu na pua.

"Birika, hapa umeandika mililita ngapi?"

"Mbili nukta tano."

"Nukta iko wapi?"

Birika akaichukua. Mbili ilikuwepo, tano ilikuwepo, na katikati yake palikuwa peupe. Wino ulikuwa umetosha tarakimu, haukutosha nukta.

"Hiyo ni vitamini, haina neno," mfamasia akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Balaa ni dawa ya degedege, nayo kipimo chake ni hichohicho. Leo wameichukua wawili, yule bibi fundi cherehani na mama mwalimu. Mtoto akinywa ishirini na tano, anaweza asiamke. Bibi hana simu, mfuate wewe. Mwalimu nampigia mimi."

Birika alitoka mbio na koti lake la kazi, viatu mkononi. Lebo ilisema dawa inywewe baada ya chakula cha mchana, na watu mtaani walikuwa wameshaanza kuosha vyombo. Njia aliyoizoea ya kwenda kushonesha nguo leo ilikataa kwisha. Alijiapia kwamba akimkuta mtoto mzima, atanunua wino kwa mshahara wake mpaka anastaafu.

Alipofika, cherehani ilikuwa kimya. Bibi alikuwa anakunja kitambaa, na mjukuu wake amelala kwenye kochi, mdomo wazi, mkono mmoja unaning'inia.

"Bibi, umempa dawa?"

"Ndiyo salamu hiyo? Mbona unahema hivyo, mwanangu?"

"Bibi, nakuomba. Umempa?"

"Nimpe vipi?" Bibi akavua miwani. "Karatasi yenu mmeiandika kwa maji. Nimeigeuza kwenye mwanga mpaka shingo imeniuma, sikuona kitu. Mimi simpi mtoto dawa kwa kubahatisha. Amekula, kalala zake, namsubiri mama yake aje anisomee."

Birika akamgusa mtoto shavuni. Mtoto akasukuma ule mkono, akageukia ukutani kwa hasira ya usingizi. Birika akakaa sakafuni kwenye vipande vya nguo na kulia, na bibi akabaki kumpapasa mgongo asijue analilia nini.

Simu ikaita mfukoni. Alikuwa mfamasia.

"Hajampa," Birika akasema kabla ya kuulizwa. "Hakuweza kuisoma."

"Afadhali." Lakini mfamasia hakusikika kama mtu aliyepata afadhali. "Mwalimu hapokei, nimempigia mpaka nimechoka. Tuombe naye iwe imemshinda kusoma."

Birika akakumbuka. Asubuhi mama mwalimu alisimama palepale dirishani, mtoto mgongoni, akaisoma lebo kwa sauti, bila hata kukunja uso: "Mililita ishirini na tano, baada ya chakula." Kisha akauliza kama ndivyo. Naye Birika, aliyekuwa ameinama anaitikisa katriji, alimjibu bila kugeuka, "Ndivyo hivyo, mama."