Bomba la Pamba Bwawani

Majani ya bwawa la mume wangu yalipoanza kuwa ya njano, mtaa mzima ulijifanya daktari. Imrani mwenye duka alisema tumwage samadi. Mkewe akasema tuyafanyie dua. Mimi nilishachoka.

Anatoli alilichimba bwawa hilo uani mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia Bariadi, ushirika ukayumba, naye akapunguzwa kazi. Tangu hapo aliongea na sato wake tu. Mimi nilipata "ndiyo" na "hapana". Majani yale yanayoelea, yenye umbo la kabichi changa, ndiyo yaliyowapa samaki kivuli kiangazi. Yakifa, na samaki nao wakifa kwa joto, sikujua ningebaki na mume wa namna gani.

Asubuhi moja, Anatoli akiwa sokoni, baba mkwe wangu, mzee Mayige, akaingia kutoka Sapiwi. Mgongoni alibeba bomba lake la kupulizia pamba, limejaa dawa.

"Mwangaluka, baba," nilimsalimu, lakini alishainamia majani.

"Vidukari hawa, mayu," alisema, akiniita mama kwa lugha yetu. "Wale wale wa pamba. Nawamaliza sasa hivi."

Kweli walikuwa wamejaa chini ya kila jani. Lakini dawa ile ingeua samaki wote! Na kwetu mkamwana hamkatazi baba mkwe, wala hamshiki mkono. Ikabidi nizunguke.

"Karibu uji kwanza, baba."

"Baadaye."

"Nasikia samaki hawapatani na dawa, baba."

"Samaki wako chini. Mimi napulizia juu."

Juu! Mtu mzima na akili zake! Akashika mpini, akaanza kupampu.

Nikaingia bwawani. Na khanga zangu, na kilemba changu, maji hadi kifuani. Mzee akageuka upesi akatazama ukuta, maana mkamwana aliyelowa hatazamwi.

"Toka, mayu!"

"Sitoki, baba. Nipulizie na mimi."

Kwa hasira nikayakandamiza majani chini ya maji kwa mikono miwili. Vidukari wakaelea, na hapo hapo maji yakatibuka.

"Kelele gani hiyo?" mzee aliuliza, bado kanipa mgongo.

"Samaki, baba. Wanawala vidukari wako."

Kisha akalitua bomba, akalisogeza mbali kwa mguu.

Anatoli alirudi akamkuta baba yake amekabiliana na ukuta na mkewe amesimama katikati ya bwawa. Akatuangalia, akacheka mpaka akakaa chini.

"Unacheka nini?" nikamfokea. "Niletee khanga kavu, umwondoe baba yako hapo ukutani!"

"Hebu kwanza, Felisita," alisema akijifuta machozi. "Umefanyaje? Nieleze tangu mwanzo."

Nilikuwa natetemeka kwa baridi na hasira zimenijaa, lakini tangu apunguzwe kazi hakuwahi kuniuliza jambo hivyo; nikamweleza yote, pole pole, nikiwa humo humo majini.