Mtoto Asiyejua Kitu

Karatasi zetu za maana huwa tunazilaza chini ya godoro, pamoja na mikeka na vitambaa vya magome, ili uzito wa mwenye kulala uzinyooshe. Ndiyo maana wasifu wa mjukuu wangu Toakase ulilala chini yangu msimu ule wote wa maboga. Kila alipoutoa kwenye printa ya ofisi ya kanisa, aliuleta umejikunja kwa unyevu, akainua pembe ya godoro langu, akausukuma ndani taratibu. "Bibi, ulalie vizuri huu. Huu ndio wenyewe." Baada ya siku chache aliutoa, akauchana, akaleta mwingine ambao nao ndio ulikuwa wenyewe.

Kazi aliyoitaka ilikuwa ya usimamizi wa ghala la kampuni inayonunua maboga yetu na kuyasafirisha Japani. Ghala liko bandarini Nukualofa, mji mkuu wa visiwa vyetu, mkuu wake anakaa ng'ambo, Auckland. Angeipata, angekwenda mjini asubuhi na jioni angekuwa nyumbani. Angeikosa, ilibaki njia ya kila mtu, kwenda Australia kuchuma matunda. Baba yake, mwanangu mdogo, alikwenda huko, gari la wachumaji likapinduka, tukaletewa sanduku. Hilo hakuna aliyelitaja nyumbani, lakini kila Toakase alipochana karatasi nililisikia.

Alilelewa na mwanangu mkubwa, Kitione, na akamwita Baba, maana kaka wa baba ni baba. Kitione ndiye mkuu wa ushirika wa wakulima wa kijiji, na Toakase amefanya kazi katika ghala lake tangu alipomaliza shule. Sijawahi kumsikia Kitione akimsifu. Akimwona anakuja asubuhi husema, "Haya jamani, amefika bingwa wa kulala." Akimwona amebeba kreti humwuliza kama hilo boga limembeba yeye au yeye amelibeba boga. Lakini funguo za ghala anazo Toakase, na kiazi kikuu cha kwanza kuchimbwa, kile kirefu chenye ngozi laini, hupelekewa Toakase kabla hata yangu mimi mama mtu. Anayeishi kwetu huangalia kiazi kinakwenda wapi.

Aliyekuwa akimfundisha kuandika ni binamu yake Fehoko, aliyezaliwa hukohuko Auckland na anayefanya kazi katika ofisi yenye lifti. Walizungumza kwa simu, Toakase ameiegemeza kwenye kopo la biskuti, mimi nasuka mkeka pembeni.

Wasifu wa kwanza Toakase aliuandika kama mtu anavyojitambulisha mahali pa heshima: jina lake, la baba, la babu, kijiji, upande wa kijiji, kanisa, na sauti anayoimba kwaya. Mimi niliuona umekamilika. Fehoko alicheka mpaka simu ikaanguka kutoka kwenye kopo. Akasema kampuni haitaki kumwoa, inataka kumwajiri.

Katika wa pili aliandika kazi. Tulipanga maboga, tuliyapima, tulipakia kontena. Fehoko akauliza, "Sisi akina nani, dada? Wataajiri kijiji kizima?" Toakase akajibu kwamba kontena halipakiwi na mtu mmoja. Fehoko akasema anajua, lakini aandike mimi, mimi, mimi, hata kama mkono unamuuma.

Na ulimuuma kweli. Nilimwona akiandika niliongoza wafanyakazi wa ghala, kisha anafuta, anaweka niliwasaidia, anafuta, anarudisha niliongoza, anainuka kwenda kunywa maji. Mmoja wa hao wafanyakazi ni shangazi yake, dada wa baba yake, ambaye kwetu yuko juu ya kila mtu katika ukoo. Utaandikaje kwamba umemwongoza shangazi yako? Kitione alipopita dirishani, mtoto aliifunika karatasi kwa kiganja kama aliyeandika matusi.

Akapunguza makali. Akaandika kwamba anajua kidogo kompyuta, na kwamba atajitahidi ikiwa watamvumilia. Fehoko akasoma, kisha akauliza, "Dada, hapa unaomba kazi au unaomba msamaha?"

Tulicheka wote, na Toakase pia. Lakini tulipofika kwenye pengo hakucheka mtu. Kuna mwaka mmoja na zaidi ambao hakufanya kazi yoyote ya kuandikwa. Ule ndio mwaka ambao mume wangu alikatwa mguu kwa sababu ya ugonjwa wa sukari, na Toakase ndiye aliyekuwa akimgeuza, akimwosha kidonda, akimsomea zaburi na matokeo ya ragbi. Fehoko alisema watu wa Auckland hawapendi pengo, bora aandike kwamba alikuwa anajiendeleza.

"Nilikuwa namuuguza babu," Toakase akasema.

"Najua, dada. Lakini haisaidii."

"Basi isisaidie."

Akaandika hivyo hivyo, mstari mmoja mfupi. Mstari huo haukubadilika tena katika nakala zote zilizofuata.

Mwishoni pakabaki mahali pa wadhamini, watu ambao kampuni ingewapigia simu kuuliza habari zake. Fehoko akasema awe mtu aliyefanya naye kazi na kumwona kwa macho. Basi ni nani mwingine? Toakase akaandika jina la Kitione na namba yake, akamwendea ghalani kumwomba ruhusa. Kitione alimjibu kwamba atawaambia alivyovunja mizani, lakini siku ile ile alikwenda dukani kuweka salio kwenye simu, kana kwamba anayepigiwa ndiye hulipa. Kutoka hapo simu haikutoka mfukoni mwake. Hata kwenye kikao cha kava, kinywaji chetu cha mizizi, mahali ambapo wanaume hawapendi kelele za simu, alikaa nayo magotini.

Ilimkuta kwangu, anakunywa chai. Alipoona namba ya ng'ambo alisimama, akafunga kifungo cha shati, akauvuta mkeka wake wa kiunoni, vazi letu la heshima, ukae sawa, kisha ndipo akapokea. Kiingereza chake ni cha mashambani na changu ni cha darasa la sita, lakini yale aliyosema niliyaelewa yote.

Alisema kwa sauti ya chini, ile ya kuongea na wakubwa. "Ah, mama. Toakase ni mtoto tu. Hajui kitu. Ni kazi ndogo anayofanya hapa, na sisi tunamvumilia."

Yule mama wa kampuni akauliza jambo. Kitione akacheka kidogo kwa adabu.

"Hapana, hapana. Peke yake hawezi. Makosa ni mengi. Mtusamehe tu kwa kumleta kwenu."

Akasikiliza, akashukuru mara nyingi, akaketi. Chai ilikuwa imepoa. Alijifuta jasho la shingoni akaniuliza, "Mama, nadhani nimesema vizuri?"

"Umesema vizuri," nikamwambia, na ndivyo nilivyoona. Mwenye mali haisifu mbele ya mgeni. Kizuri chajiuza. Ukimleta binti yako kwa watu unamshusha, na kadiri unavyompenda ndivyo unavyomshusha zaidi, ili yule wa upande wa pili ampandishe. Mwenyeji akisema chakula ni kidogo, mgeni husema hajapata kuona kingi namna hii. Hivyo kila mmoja hubaki na heshima yake.

"Ila nilimwachia nafasi aseme sivyo," Kitione akasema. "Hakusema. Labda Wazungu ndivyo walivyo." Kisha akaenda kumtenga nguruwe mwenye mabaka, akamfungia peke yake na kuanza kumlisha nazi, kwa ajili ya sherehe ya kazi.

Jibu lilipokuja, Toakase alikuwa ameketi na mimi tunakwangua majani ya mkeka. Alikwenda nayo simu nyuma ya nyumba, kwenye tangi la maji. Alikaa huko muda. Aliporudi aliketi palepale, akachukua ganda lake la kome, akaendelea kukwangua.

Alinieleza bila kuinua kichwa. Wasifu waliupenda. Ulikuwa miongoni mwa iliyopendwa zaidi. Yule mama alikuwa mpole, akamwambia kwamba kwa kawaida hawasemi sababu, lakini anamwonea huruma, ni msichana mdogo bado, basi safari nyingine achague vizuri mtu wa kumsemea. Toakase akamwomba amwambie amesemwaje, na yeye akamsomea alivyoandika.

"Hajui kitu," Toakase akasema. "Tunamvumilia. Peke yake hawezi."

Jani lilikatika mikononi mwake. Akachukua jingine.

Nilimwambia yote ninayoyajua, kwamba baba yake aliyasema amefunga kifungo cha shati. Akasema, "Najua, Bibi. Nilipokuwa nasomewa nilimsikia kabisa alivyoyasema. Hata kile kicheko nilikisikia." Nikasema basi nitamwita Kitione tumweleze, ampigie yule mama. Hapo ndipo alipoinua uso.

"Usimwambie. Alimzika baba yangu. Asibebe na hili."

Kitione aliambiwa kwamba kampuni imechukua mtu wa mjini. Mbele ya Toakase alitikisa kichwa tu, akamtania kwamba sasa mizani ya bandari imepona. Lakini alikuja kwangu baadaye, akasimama mlangoni, hakutaka kuketi. "Wajinga hawa, Mama. Hawajui walichokikosa. Kisiwa hiki chote hakina mtu wa kulisimamisha ghala kama yule mtoto. Mimi mwenyewe siwezi." Macho yake yalikuwa mekundu. Maneno yalinifika kwenye ulimi, nikayameza na mate.

Toakase alijaribu tena. Kulikuwa na kazi kwenye hoteli, na nyingine kwenye kituo cha mafuta. Nilimwona ameketi mbele ya karatasi, mistari yote imenyooka, mimi mimi mimi kutoka juu hadi chini, ila mahali pa wadhamini amefuta jina na hajaweka jingine. Tulifikiri pamoja. Mchungaji? Mchungaji humwita binti yake, atasema kama baba. Mwalimu wake ni binamu wa mama yake. Mwenye duka alikuwa akinyonya na Kitione ziwa moja. Kila aliyemjua angemshusha kwa mapenzi. Aliyeweza kumsifu ni yule tu asiyemjua, naye huyo ana nini cha kusema?

Wachuma matunda hawaulizwi wasifu. Walimpima uzito, wakampima damu, wakamkimbiza uwanjani na mfuko wa mchanga begani pamoja na vijana wengine, jina lake likatoka kwenye orodha ya kwenda Australia.

Yule nguruwe mwenye mabaka akachinjwa siku ya kumuaga. Tulitandika majani uwanjani, na juu yake viazi vikuu, majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui kwenye tanuri la ardhini, samaki, kuku, matikiti, hata pakawa hapana mahali pa kuweka kikombe. Toakase aliketi katikati, amefungwa kiunoni mkeka wa marehemu baba yake uliokwisha kuchakaa. Kitione alisimama kusema.

Akawaomba radhi watu kwa chakula kidogo na kibaya. Kisha akamgeukia mtoto, na sauti yake ikashuka ikawa ile ya kwenye simu.

"Na huyu tunayemtoa leo ni mtoto tu. Hajui kitu. Peke yake hawezi." Machozi yalimtiririka mpaka kwenye kola, na yeye hakuyafuta.

"Sivyo," mchungaji akaitikia. "Sivyo hivyo," wakasema wanaume wa kava, na wanawake wa ghalani, na shangazi yake aliye juu yetu sote, kila mtu kwa sauti yake. Walimpandisha kama inavyotakiwa, mmoja akataja funguo, mwingine akataja mguu wa babu yake. Yote yale ambayo hayakukaa vizuri kwenye karatasi yalisemwa pale, na watu ambao hawana kazi ya kumpa mtu. Toakase alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama mikono yake.

Ndege iliondoka kesho yake. Nilipokunja matandiko niliuona wasifu bado uko chini ya godoro, kati ya mikeka miwili. Umenyooka vizuri sasa, hauna hata kunjo moja. Nimeurudisha palepale, naulalia.