Usiumwagilie Mti Wenye Waya

Kama mwanao ameleta vidude vya kupima miti shambani, soma haya kabla hujashika ndoo.

Binti yangu alifunga kimoja kwenye mchungwa ulio karibu na jiko langu. Kinafanana na kibanio cha nguo chenye waya. Kinabana shina na kupeleka habari kwenye simu yake. Alinieleza kuwa shina husinyaa mchana kwa jua, usiku likajaa tena. Lisipojaa vizuri, mti una kiu, naye hufungulia maji safu nzima. Mti mmoja unasemea wenzake wote. Nikaenda kulipima kwa kamba, asubuhi na mchana, nisione kitu. Akanicheka, eti tofauti yenyewe haifiki unene wa unywele.

Shamba ni la kaka yangu. Alishamwambia mpwa wake wazi: msimu huu mmoja tu. Machungwa yakiharibika, vidude ving'oke, naye akatafute kazi kwingine. Tangu hapo roho yangu ikawa juu juu.

Halafu ule mti niliuonea huruma. Umebanwa, una waya, na umebebeshwa kazi ya wenzake. Kila nikimaliza kuosha vyombo, naupelekea ndoo ya maji ya kusuuzia. Nilijiona nasaidia.

Wiki ya tatu machungwa machanga yakaanza kudondoka. Simu inasema miti imeshiba. Binti akakagua waya, akabadili betri, simu ikasema vilevile. Kaka akaja, akayasukuma yaliyodondoka kwa ncha ya kiatu, akasema kesho ving'olewe.

Alipoondoka, binti akachukua jembe akachimba chini ya mti ule. Tope. Akachimba chini ya jirani yake. Vumbi tupu. Akarudi kwenye tope, akaokota kitu, akaniwekea kiganjani.

"Mama, mchungwa huu unakula wali?"

Ningeweza kunyamaza. Nikaenda kwa kaka na nguo zilezile za jikoni, nikamweleza yote. Akasema, "Kwa hiyo kidude kilisema kweli. Muongo ni dada yangu."

Vidude vimebaki, na binti yangu yupo. Machungwa yaliyodondoka ndiyo basi tena. Maji ya vyombo sasa nayamwaga kwenye mboga. Mti nauendea mikono mitupu, nauwekea kiganja, najiuliza saa hizi unasinyaa au unajaa.

Nawe jiulize tu. Usiupe kitu.