Lumbesa Ndani ya Ekseli

Saa tatu asubuhi, kwenye kituo cha kukusanyia viazi Makambako, Esnath alipuliza vumbi kwenye kibodi, akafungua jedwali lake la Ekseli, akaita wa kwanza. Alikuwa karani hapo kwa mwaka wa kumi na tisa, na hakuna aliyeipenda Ekseli kama yeye. Hata kwaya ya usharika aliipanga humo, kwa sauti na kwa kimo, na mwimbaji akikosa mazoezi seli yake inakuwa nyekundu.

Wa kwanza alikuwa Telesia, mkulima wa Igwachanya, na magunia kumi. Dalali Nahumu aliyajaza mwenyewe shambani kwa lumbesa: gunia linajaa, linaongezewa kichwa cha viazi, linashonewa wavu juu, na bado linaitwa gunia moja. Mavuno ya magunia kumi na manne yakaishia kwenye kumi. Yale manne yangekuwa mbegu za msimu ujao. Sheria imekataza lumbesa, na bango la sheria lipo ukutani. Nahumu hulitundikia koti.

Esnath akaandika 10.

Enzi za kaunta buku, ukiandika lumbesa ukurasa ulituna kidogo, ukaufunga kwa mpira. Ekseli ya zamani ilijaza alama za reli, ####, kwenye seli, ikanyamaza. Toleo jipya, lililowekwa Jumatatu, lilikuwa halifichi kitu. Seli ilivimba, ikasukuma jirani zake, kioo cha kompyuta kikaota kitambi, na viazi vikaanza kudondokea mezani vikiwa na udongo wa Igwachanya.

"Umeona, mama?" alisema Esnath kwa fahari. "Hili halidanganyi."

Vilidondoka mpaka saa tano. Wapakiaji walivizoa, vikatimia magunia manne.

"Hizo ndizo mbegu zangu," alisema Telesia, akacheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. "Ahsante, mwanangu. Nilishakata tamaa."

Nahumu alikizuia kwa kiatu kiazi kilichokuwa kinabingirika. "Na hivi navinunua, mama."

"Mbegu siuzi."

"Basi na yale kumi nayashusha kwenye lori langu. Lori lingine utajua mwenyewe utalipata lini."

"Nahumu, sheria inasema gunia lisizidi kilo mia," alisema Esnath.

"Sheria haina lori, dada."

Telesia alitazama nje. Viazi vilivyokwisha chimbwa havisubiri, na Nahumu alilijua hilo kuliko yeyote. Roho ilimuuma Esnath, ilimuuma sana, lakini mnyonge hana haki, na karani naye ni mnyonge mwenye kiti.

Viazi vya magunia manne viliingizwa kwenye matatu. Telesia mwenyewe alishika wavu wakati vichwa vinashonwa, maana alihitajika mtu wa kushika.

Esnath akaandika 3, akavuta karai mpaka chini ya kioo. Kiazi cha kwanza kilipodondoka, Nahumu alikuwa amekwisha simama pembeni na gunia tupu.