Gunia Lisiloazimwa

Kabla hakujapambazuka, Bibi Hildegarda alisikia kitu kikigongagonga sebuleni, akadhani panya wameingia kwenye mahindi. Alipochungulia akamwona mjukuu wake Getrude, aliyefika jana yake kumtembelea, kajitanda kanga, anachapa kwenye kompyuta.

"Hujalala?"

"Nimeamka mapema, Bibi. Mashine ya zahanati kule Mikumi inaganda. Programu inayopeleka data kwenye diski niliitunga mimi. Isipotengemaa leo, wanarudi kwenye madaftari, na mimi sitaaminiwa tena."

Bibi akamletea chai, akaomba aelezwe taratibu.

"Kumbukumbu ya mashine ikijaa, mfumo unaiambia programu yangu ihamishie data kwenye diski, nafasi ipatikane. Lakini ili ihamishe, programu nayo inahitaji nafasi kidogo. Inaomba. Inaambiwa isubiri mpaka nafasi ipatikane. Basi, wanabaki wanasubiriana."

"Maskini," Bibi akasema, akatoka uani.

Siku hiyo alikuwa anatia mahindi dawa. Magunia tisa yamejaa. Tupu lilikuwa moja tu, limetundikwa msumarini. Unamimina la kwanza ndani ya hilo huku ukichanganya dawa. La kwanza linabaki tupu, linapokea la pili, hivyo hivyo mpaka yaishe.

Jirani yao Shilinde akapiga hodi. "Shikamoo, mama. Niazime hilo gunia nipeleke viazi gulioni."

"Marahaba, mwanangu. Hilo siazimi."

Getrude akainua uso. Hajawahi kumsikia bibi yake akimnyima mtu kitu.

"Siku hizi mama umekuwa mchoyo," Shilinde akatania.

"Nikikupa, haya tisa nimimine wapi, kwenye kofia yako? Chukua beseni langu kubwa."

Shilinde akacheka. Kabla ya kuondoka akamwinulia gunia la kwanza, bila kuombwa.

"Bibi, hilo haliazimwi kabisa?" Getrude akauliza mlangoni.

"Kabisa. Kazi ikiisha, linalobaki tupu linarudi msumarini."

"Kumbe mimi naomba gunia katikati ya kazi."

Akarudi kwenye kompyuta. Akaipangia programu itenge nafasi yake ndogo mashine inapowashwa tu, kumbukumbu ikiwa bado tele; isiigawe kwa mwingine; na kila ikimaliza kuandika, iirudishe tupu mahali pake. Akaituma Mikumi.

Saa nane mchana muuguzi Elineema akapiga simu kutoka Mikumi. "Tumeijaza makusudi tangu saa sita. Inajikokota, lakini haigandi."

Getrude akafunika uso kwa kanga.

Kesho yake Bibi akamsindikiza barabarani, mkoba kaubeba yeye.

"Nisamehe, Bibi. Siku zote tatu nimekaa na mashine."

"Nani kakulaumu? Ila uje tena, mama. Uje hata mashine zote zikiwa nzima."