Nafasi Moja Kaburini kwa Kina Gilhooly

Mmarekani alifika kwetu Drumkeel siku ya Jumatano, mvua ikinyesha, akiwa na faili nene na baba yake ndani ya kopo. Aliitwa Darlene Gilhooly, mwalimu mstaafu kutoka Ohio. Baba yake alikuwa majivu. Kabla ya kufa aliomba azikwe na watu wake, na Darlene alikuwa ametumia miaka mingi akiwatafuta hao watu.

Shangazi Attracta alimpa chai na mkate, maana adabu ni adabu, kisha akaketi mbele yake kama hakimu.

Darlene akatandaza karatasi mezani. Orodha ya abiria wa meli ilikuwa imempa babu wa baba yake, kijana Patrick Gilhooly wa Leitrim, wilaya yetu hii. Daftari la ubatizo la parokia yetu likampa mama wa Patrick, Honor, wa hapa Drumkeel. Hapo njia ikakatika, kwa sababu Drumkeel ilikuwa na nyumba mbili za kina Gilhooly zisizo na undugu: sisi wa mlimani, na wale wa ziwani waliokwisha wote. Padre wa enzi hizo hakuona haja ya kuandika ni ipi. Kila mtu alikuwa anajua.

"Bi Attracta, huyu Honor mnamfahamu?"

"Honor," alisema Shangazi, akitazama dari. "Huyo wa ziwani. Kaburi lao liko kule makaburini, ukutani, penye upupu."

Nilikohoa. Kila jioni tukisali rozari, Shangazi humwombea Honor wetu, aliyemlilia Patrick wake aliyekwenda Amerika mpaka akapofuka. Nimemwombea mwanamke huyo kuliko nilivyomwombea mama yangu mzazi.

Darlene alipoondoka nilimuuliza Shangazi kulikoni.

"Kaburi letu limebakiza nafasi moja, Fintan. Nina miaka themanini na mitatu. Nafasi hiyo ni yangu, kando ya mama."

"Shangazi, mtu mwenyewe anaenea kwenye kopo la sukari."

"Leo kopo. Kesho mume wa huyu, kesho kutwa watoto. Wamarekani hawaji mmoja. Kula wewe."

Nikala. Sina mke, na nyumba ni yake. Lakini nilimwonea haya yule Mmarekani.

Jumapili ilikuwa siku ya kubariki makaburi. Kila ukoo husimama penye kaburi lake, padre akipita na maji ya baraka, na parokia nzima ikiangalia nani hakuja. Kaburi lisilo na mtu ni aibu, na litazungumzwa mpaka Krismasi.

Kwetu tulisimama wawili. Kule ukutani, Darlene alikuwa ameng'oa upupu wote, mikono imemvimba, amesimama peke yake mvuani na kopo kifuani, akilia bila kujificha. Kaburi hilo halikuwa limesimamiwa na mtu tangu nikiwa mtoto wa shule.

"Mwone," alisema Shangazi.

"Namwona."

"Analilia watu ambao hata sisi hatukuwapenda." Akaligeukia jiwe letu. "Nikifa, hapa atasimama nani?"

"Mimi."

"Wewe mwaka jana ulifika padre akiondoka, unanuka bia. Na ukifa wewe?"

Shangazi akashika fimbo yake, akakatiza katikati ya makaburi padre akiwa bado anasali, jambo ambalo kwetu halifanywi. Nikamfuata. Watu wakaacha kuitikia sala wapate kusikia.

"Toka hapo," alimwambia Darlene. "Hao si wako. Honor ni wetu. Nilikudanganya."

Darlene alimkodolea macho. "Kwa nini?"

"Nafasi ni moja. Sasa sikiliza. Baba yako atakaa miguuni pa Honor. Kando ya mama ni pangu. Mume wako mzike hukohuko Ohio."

"Sina mume."

"Afadhali."

Akamshika mkono, akamleta mpaka penye jiwe letu, mbele ya wote.

"Utakuwa unakuja kumwona baba yako?" Shangazi aliuliza.

"Kila mwaka, nikijaliwa."

"Siku hii ya baraka?"

"Siku hii."

Shangazi alitazama nyasi, upande ule wa mama yake.

"Basi ukija," alisema, "simama hapa katikati, na mimi nionekane nina mtu."