Joho Kwenye Msumari

Mimi ni wakili. Nalisema mapema kwa sababu watu wakinitazama mahakamani hawagundui. Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka, lakini wahenga hawakunijua mimi. Baba yangu alikuwa nyoka kwelikweli. Mimi nilitoka mjusi, tena yule wa ukutani, anayekimbia mlango ukifunguliwa.

Mji wetu mdogo ulimpa baba jina la Mzee Pingamizi, kwa kuwa hapakuwa na swali la upande wa pili aliloliacha lipite bila kusimama. Mimi wakaniita Bi Ahirisho. Silalamiki, jina nimelifanyia kazi. Kila nikisimama mbele ya hakimu, kabla sijajua ninachotaka kusema, mdomo unaanza wenyewe: "Mheshimiwa, tunaomba kesi iahirishwe." Hakimu anauliza sababu, nami ndipo naanza kuitafuta. Nimewahi kusema shahidi wangu yuko kitandani ana homa, na shahidi mwenyewe amekaa nyuma yangu anacheka na jirani yake.

Baba alipofariki, desturi moja ya mahakama yetu ilinikaa kooni. Wakili akifa, joho lake jeusi huachwa kwenye msumari wake katika chumba cha mawakili, wala halishushwi mpaka mahakama ikae kikao cha kumkumbuka. Siku hiyo mtu wa familia husimama pale alipokuwa akisimama marehemu, akamsemea, kisha joho likaenda nyumbani. Mtu wa familia nilikuwa mimi. Mama alikataa katakata. Alisema yeye si wakili, yeye ni hakimu.

Kikao hicho nilikwisha kukiahirisha zaidi ya mara moja. Nilimwambia karani nina mafua. Mara nyingine nikamwambia nina kesi mji wa jirani, na karani, ambaye ndiye anayezijua kesi zangu zote, akanitazama tu. Ukweli ni kwamba joho likiwa pale kwenye msumari, baba alikuwa kama mtu aliyetoka kidogo kununua gazeti. Kila asubuhi nikipita naligusa bega. Likishuka, basi tena.

"Nataka joho la mume wangu," mama akaniambia. "Kola yake imeota ukoko. Miaka yote alinikataza kulifua, eti litapoteza bahati. Sasa atanikataza nani? Ukiahirisha tena nakwenda kulishusha mwenyewe, na hao mawakili wenzako wanishtaki."

Nilijua atakwenda. Nikamwambia karani nimepona.

Aliposema yeye ni hakimu, mama hakutania. Nyumbani kwetu mahakama ilikuwa meza ya chakula. Mama alikuwa hakimu, na mara nyingi mlalamikaji na shahidi pekee pia, jambo ambalo baba alilipinga kila mara na kila mara akashindwa. Siku niliyovunja birika la mama la kauri, baba alisimama kunitetea, tai bado iko shingoni. Akauliza ni nani aliyeliweka birika ukingoni mwa meza. Akauliza kama meza yenyewe imesimama sawa. Mwishowe akaiomba mahakama ifikirie utoto mgumu wa mshtakiwa.

"Utoto gani mgumu?" mama akauliza.

"Anao sasa hivi, Mheshimiwa."

Tulihukumiwa wote wawili kuosha vyombo. Tukakata rufaa. Rufaa ikasikilizwa na hakimu yule yule, akatuongezea masufuria. Baba akakunja mikono ya shati, akasimama kushoto na kitambaa cha kukaushia, mimi kulia penye sinki, akaninong'oneza, "Tutakata rufaa tena." Tangu hapo kila tuliposhindwa tulisimama vile vile, naye akasema maneno yale yale. Na tulishindwa sana. Siku hizi nadhani alikuwa akishindwa makusudi, maana mtu aliyewatoa wezi wa mifugo kizimbani wakienda nyumbani kwa miguu yao hashindwi na birika.

Kazini hila zake hazikuwa za vitabuni. Paa la mahakama yetu ni bati tupu. Mvua ikinyesha hakuna anayemsikia mwenzake, na baba alizihifadhi hoja zake dhaifu kwa ajili ya mvua. Akiona wingu dirishani, anavuta muda kwa kupangusa miwani. Matone yakianza, anazimwaga zote, mikono juu, uso umejaa uchungu, na hakimu anaitikia kwa kichwa kwa adabu tu. Mimi niliijaribu hila hiyo. Mvua ikakatika nikiwa katikati, na mahakama nzima ikaisikia hoja yangu.

Lakini alipopoteza kesi, baba hakukimbia. Hakumtuma karani. Alishuka mwenyewe mahabusu, akashika nondo za mlango, akamwambia mteja kwa kinywa chake. "Mtu humpi habari mbaya ukiwa umempa mgongo," aliniambia. Nilipoanza kazi kwake nilikuwa namngoja juu ya ngazi. Siku hizo alipanda polepole, akanipa mkoba niubebe, tukarudi nyumbani bila yeye kupinga chochote.

Siku ya kikao ukumbi ulifurika. Wezi wa mifugo wastaafu walikuja wamechomekea mashati. Mama alikaa benchi la mbele, na mapajani ameshika mfuko mtupu wa kubebea joho. Mimi nilikuwa na hotuba yangu, imepigwa chapa vizuri, ndefu, yenye maneno kama "nguzo" na "pengo lisilozibika". Hakimu wetu bado kijana. Baba alikuwa akimpinga mpaka anatokwa jasho, na bado kijana huyo alimpenda.

"Wakili," akasema kwa upole, "uko tayari?"

Nikaenda kusimama pale pale alipokuwa akisimama baba. Mbao za sakafu hapo zimelika kwa viatu vyake. Nikatazama hotuba. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mheshimiwa, tunaomba kesi iahirishwe."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mmoja wa wale wastaafu alipiga benchi kwa kiganja. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na hotuba yangu. Hakimu naye midomo ilimcheza, lakini hata yeye ana mazoea yake.

"Kwa sababu gani?" akauliza.

Nikatafuta. Homa haikuja, mafua hayakuja, hata mji wa jirani haukuja. Ikaja sababu moja tu, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu ilikuwa ya kweli.

"Mtu wetu hajafika, Mheshimiwa."

Kicheko kikakatika. Hakimu akashika kalamu, akaiweka, akaishika tena. Hakujua aamue nini, na mimi sikujua nikae au nisimame. Ndipo mama akainuka. Hakuomba ruhusa. Hakimu haombi ruhusa kwa hakimu.

"Ombi limekataliwa," akasema. Alinikazia macho usoni, na yake yalikuwa yamejaa machozi. "Hatafika, mwanangu. Baba yako amekufa. Sema."

Nikasema. Hotuba sikuifungua. Nilianza na birika, nikaenda kwenye mvua, nilipofika mahabusu nikalia kwa kwikwi mbele ya mahakama. Aliyenipa leso ni mwendesha mashtaka. Nikapenga kamasi, nikamaliza. Nilimpenda sana baba yangu, na nililisema hivyo hivyo, bila nguzo wala pengo.

Kisha nikaenda chumba cha mawakili nikalishusha joho. Lilikuwa jepesi kuliko nilivyodhani. Mama akalipokea, akainusa kola, akakunja uso. "Nilijua tu," akasema, akalitia mfukoni.

Jioni tulikula wawili. Mama akasema nimezungumza mno, nimeinamisha kichwa kama mshtakiwa, na habari ya birika nimeipindua, kwani birika lilikuwa katikati kabisa ya meza, ushahidi anao.

"Una hatia," akasema. "Vyombo vyako."

"Tutakata rufaa," nikamjibu, kwa mazoea tu, kama kawaida yangu. Nikakusanya sahani, nikaenda kusimama kulia, penye sinki. Kushoto kwangu kitambaa cha kukaushia kilikuwa kinaning'inia ukutani. Nikafungua maji kwa nguvu ili nisisikike.

Nyuma yangu kiti kikaburuzwa. Katika uhakimu wake wote mama hakuwahi kutumikia adhabu aliyoitoa mwenyewe. Akaja upande wa kushoto, akakunja mikono ya gauni, akakichukua kitambaa.

"Rufaa imekubaliwa," akasema. "Lete sahani."